TINGATINGA ALIKUWA MTU JAMANI, SIO TREKTA

Wiki iliyopita mpwa wangu wa darasa la pili alikuja na kazi ya nyumbani: atafute mchoro wa mnyama, aupake rangi, aupeleke shule Jumatatu. Tukaenda steshenari ya mtaani kwetu, nikakaa kwenye kompyuta, nikaanza kutafuta. Michoro ya kupaka rangi ipo mingi mpaka unachoka, lakini karibu yote ni ya kwa wenzetu: mabinti wa mfalme, dubu mwenye kofia ya Krismasi, mtu wa theluji. Mpwa wangu akaniuliza mtu wa theluji ni mnyama gani. Sikuwa na jibu la haraka.

Nikaendelea kushuka chini. Mwishoni nikakuta tembo, chui na ndege wenye shingo ndefu, wamechorwa kwa mstari mnene mweusi, macho makubwa, mwili umejaa madoadoa yanayosubiri rangi. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Tukachapa karatasi tatu, shilingi mia mbili mbili.

Chini ya kila karatasi kulikuwa na maneno kwamba huo ni mtindo wa Tingatinga. Jina la aliyechora hakuna. Yule kijana wa steshenari akaziangalia, akaniuliza michoro hii inahusiana vipi na trekta. Wa kwenye foleni akadakia kwamba Tingatinga ni kabila la kusini huko. Mwingine akasema hapana, ni jina la kijiji. Nilicheka, lakini nikiwa njiani narudi nyumbani nikaona sio kichekesho. Hawa wamekulia Dar hii hii. Picha hizi wanaziona kwenye maduka ya watalii, kwenye mikoba, kwenye sahani, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba Tingatinga ni jina la baba wa mtu. Basi leo nawasimulia.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho sasa kinaitwa Nakapanya, wilaya ya Tunduru, karibu na mpaka wa Msumbiji. Mama yake alikuwa Mmakua Mkristo, baba yake Mwislamu, ndiyo maana Edward na Saidi wamekaa pamoja kwenye jina moja bila kugombana. Wazazi walikuwa wakulima wa kawaida. Shule alisoma kidogo, akaishia madarasa ya chini kama watoto wengi wa vijijini wa wakati ule.

Miaka ya 1950 akaondoka. Vijana wa kusini enzi hizo walikuwa wakienda Tanga kukata mkonge, na yeye akaenda. Aliyewahi kushika jani la mkonge anajua ile kazi ni ya namna gani, miiba na utomvu unaowasha. Mwaka 1959 akaingia Dar es Salaam, akafikia kwa ndugu yake aliyekuwa mpishi wa mzungu mmoja afisa wa serikali ya kikoloni. Akapata kazi hapo hapo, ya bustani na shughuli za nyumbani. Uhuru ulipofika mwaka 1961 yule bosi akafungasha, akarudi kwao. Nchi ikapata uhuru, Edward akakosa kazi. Sisemi kwa ubaya, ndivyo ilivyotokea kwa watumishi wengi wa majumbani.

Miaka iliyofuata alihangaika kama tunavyohangaika sisi, leo kibarua hiki, kesho kile. Nawaomba mkumbuke hapa kwamba hakuwahi kukanyaga chuo cha sanaa. Hakuna mfadhili aliyekuja kumgundua.

Kuchora alianza mwaka 1968 hivi, akiwa na miaka 36. Umri huo wengi wetu tumeshajiambia kwamba yaliyopita yamepita. Inasemekana aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mjini, zinanunuliwa, akajiambia na yeye anaweza. Wapo pia wanaosema alikuwa na kumbukumbu ya michoro ya kwenye kuta za nyumba za Wamakua kule kwao. Mimi naona yote mawili yanawezekana. Mtu akiona biashara anaiga, ila mkono unachora kile ulichokizoea.

Sasa angalieni vifaa, maana hapa ndipo raha ilipo. Turubai na rangi za mafuta za wasanii zilikuwa bei mbaya. Yeye akachukua hadibodi, zile mbao laini za dari, zilizokatwa miraba ya futi mbili kwa mbili, kama sentimita 60 kila upande. Ubao mzima wa futi nne kwa nane unatoa vipande vinane, hakuna kinachotupwa. Rangi akachukua ile inayong'aa ya kupaka baiskeli, iliyokuwa ikiuzwa kwenye maduka ya vifaa. Ni nzito na haichanganyiki vizuri ukiwa tayari umeipaka. Ukijaribu kuifanya ififie taratibu kutoka nyekundu mpaka njano, unapata tope.

Kwa hiyo akafanya kitu rahisi. Anapaka ubao wote rangi moja, anaacha ikauke. Juu yake anaweka mnyama mmoja mkubwa anayejaza ubao, chui au swala au ndege, rangi tupu bila kivuli. Halafu madoa, mistari, jicho. Kila rangi inakaa ndani ya mpaka wake. Ukifikiria vizuri, ndiyo kanuni ya zile karatasi za watoto: mstari kwanza, halafu jaza. Ndiyo maana michoro ya Tingatinga inakubali kupakwa rangi na mtoto wa miaka saba, na pia na mtu mzima aliyechoka na kazi, bila kuharibika. Ilizaliwa hivyo. Umaskini wa vifaa ndio ulioleta ule mtindo, wala haukutoka kwenye kitabu.

Soko lake lilikuwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali wageni walikokuwa wakija kununua mahitaji yao. Mke wake, Agatha Mataka, ambaye walioana mwaka 1970, ndiye aliyekuwa akikaa hapo kuuza picha. Huyu mama anasahaulika kila hadithi hii inaposimuliwa. Mchoraji bila muuzaji ni mtu mwenye mbao zilizojaa chumbani. Edward mwenyewe kwa muda alikuwa na ajira ya mhudumu katika hospitali ya Muhimbili, anachora baada ya kazi. Baadaye kampuni ya serikali ya mambo ya sanaa ikaanza kumnunulia picha, na hapo ndipo alipoanza kupumua.

Pesa ilipoanza kuonekana, ndugu na watu wa kwao wakaja. Hakuwafukuza. Alikaa nao, wakaangalia anavyofanya, wakarudia. Majina yao yapo: January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata. Hakuna aliyelipa ada. Hivi kweli, wangapi kati yetu tukipata kamchongo tunawaita ndugu watano tuwaonyeshe kanavyofanya kazi? Mimi najijua, ningekaa kimya kwanza.

Halafu mwaka 1972 akauawa. Askari polisi walimpiga risasi Dar es Salaam wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Hakuwa mhalifu. Alikuwa na miaka 40, ameacha mjane na watoto wadogo wawili, Daudi na Martina. Nimeirudia sehemu hii mara nyingi kuiandika na kila mara inanishinda. Hesabuni wenyewe, kutoka 1968 mpaka 1972. Miaka minne tu. Kila chui na kila tembo mnayemwona kwenye fulana za watalii ametoka kwenye ile miaka minne ya mtu aliyekuwa akitumia rangi ya baiskeli.

Wale aliowafundisha hawakutawanyika. Wakaendelea kuchora pale pale Morogoro Stores, wakaita wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika rasmi chenye jina lake. Picha zikabadilika. Mnyama mmoja akawa kundi zima, ukaingia mlima Kilimanjaro, zikaingia picha za mtaani, za sokoni, za hospitali. Hadibodi ikapisha kitambaa, kwa sababu mtalii anataka kitu cha kukunja aweke kwenye sanduku. Daudi naye akawa mchoraji. Mwaka 2010 katuni za watoto za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi, zikaanza kuonyeshwa Uingereza, vipindi 52. Watoto wa Ulaya wakalijua jina ambalo kijana wa steshenari yangu anadhani ni trekta.

Sasa turudi kwenye zile karatasi zetu. Kuna mtu ataniambia, mbona wewe unalalamika jina halikuandikwa, wakati hao wote wanamwiga Tingatinga? Swali zuri. Sheria ya hakimiliki, ya kwetu na za wenzetu, inalinda picha yenyewe, hailindi mtindo. Mtu yeyote anaruhusiwa kuchora chui mwenye madoa na macho makubwa, na Edward mwenyewe hakuwazuia wenzake. Lakini chui ukishamchora wewe, kwa mkono wako, yule chui ni wako. Ukimweka kwenye karatasi ya kupaka rangi, ni kazi yako, hata kama ni mistari tu na rangi zitawekwa na mtoto wa mtu mwingine Kigamboni.

Wenzetu hili wanalijua. Mwaka 2013 mchoraji wa Uingereza, Johanna Basford, alitoa kitabu cha watu wazima cha kupaka rangi, Secret Garden, chenye majani na maua, kikauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Jina lake lipo kwenye jalada. Hakuna anayesema ni michoro ya mtindo wa Kiingereza, basi yaishe. Wa kwetu anachora tembo, mtu anapiga picha, anaondoa rangi kwa programu, anabakiza mstari, anaiweka mtandaoni, anaandika neno Tingatinga halafu anaondoka. Marehemu anapewa sifa isiyomlipa, na aliye hai na kodi ya chumba anabaki hana jina.

Nilikwenda Morogoro Stores kabla ya kuandika haya, nikaonyesha ile karatasi ya tembo. Mzee mmoja akaishika, akaiangalia kwa muda, akasema mkono huo anaufahamu ila hataki kubahatisha jina la mtu. Nilimheshimu kwa hilo. Pembeni yake kijana alikuwa akimalizia kundi la ndege, na nikaona kwamba kila picha waliyoitundika ina jina la mchoraji kwenye kona ya chini. Kona hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa karatasi inapotengenezwa.

Mpwa wangu yeye alimpaka tembo rangi ya zambarau, madoa ya kijani, akapeleka shule. Mwalimu amempa vema.

Haya wadau, naomba msaada. Tembo mwenyewe anaangalia kushoto, mkonga umepinda juu kama ndoano, mgongoni ana ndege watatu, na jua nyuma yake lina duara mbili, moja ndani ya nyingine. Mkia umechorwa na vijani vidogo badala ya nywele. Anayemjua aliyemchora aandike hapo chini kwenye maoni. Kama mchoraji ni wewe mwenyewe, andika, nitaweka jina lako juu ya ukurasa huu, na nina deni lako la karatasi tatu.