Livingstone na Fumbo la Mbung'o

Wenzetu wa Visiwani wanaijua nyumba ya Unguja iitwayo kwa jina la Dakta David Livingstone, ambamo alikaa mwaka 1866 akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho. Wenyeji wa Ufipa nao wanajua kwamba alipita kwao mwaka 1872, na kwamba mwaka uliofuata maiti yake ilipita huko huko ikichukuliwa na watu wake. Mengi yamekwisha semwa juu ya upinzani wake kwa biashara ya watumwa, na juu ya chemchemi za Nile alizozitafuta asizione. Leo tungependa kumkumbuka kwa jambo linalosahauliwa, nalo ni fumbo la mbung'o.

Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 Machi 1813. Alipofika umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku akasoma. Alihitimu udaktari mwaka 1840, na mwaka uliofuata akafika Afrika ya Kusini akiwa mmisionari. Huko alipoteza maksai 43 kwa mbung'o, karibu na mto Chobe. Hakutosheka na kulalamika. Aliandika dalili moja moja: mnyama hutokwa na maji machoni na puani, huvimba chini ya taya, kisha hukonda hata akafa. Akaona na ajabu: mbung'o yule yule aliyeua ng'ombe, farasi na mbwa hakumdhuru binadamu wala wanyama wa porini. Punda na mbuzi pia aliwahesabu kuwa salama. Katika hilo alikosea.

Alijaribu hata kutibu. Farasi jike mmoja aliyeumwa na mbung'o alimpa arseniki. Akapata nafuu kwa muda, kisha akafa. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1858 katika jarida la waganga la Uingereza. Karibu miaka 100 baadaye ilitengenezwa dawa ya malale iliyo na arseniki ndani yake, ikaokoa wengi, ingawa yenyewe pia iliua baadhi ya wagonjwa.

Mwaka 1866 alifanya jaribio kubwa zaidi katika ardhi ya Tanzania ya leo. Kutoka Unguja alivuka hadi Mikindani na ngamia 6, nyati wa kufugwa wa Kihindi 3 pamoja na ndama, nyumbu 2 na punda 4. Alitaka kujua kama wanyama hao wangestahimili mbung'o wa bonde la Ruvuma. Lakini waliokabidhiwa wanyama waliwapiga na kuwachosha kupita kiasi. Wengi walipokufa, ikawa vigumu kutenga kilichofanywa na mbung'o na kilichofanywa na fimbo.

Mwishoni mwa mwaka 1872 aliifuata pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, akipanda na kushuka milima ya Ufipa. Kwa kuumwa na mbung'o, punda wake mkubwa akaugua, asiweze kupanda mlima. Mwenyewe alikuwa amedhoofika kwa kuhara damu. Tarehe 1 Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu. Susi, Chuma na wenzao waliikausha maiti, wakaipitisha Ufipa wakishika njia ya bara, hadi Tabora, Bagamoyo na Unguja. Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Fumbo lake halikuzikwa naye. Mwaka 1895 David Bruce aligundua katika nchi ya Wazulu kwamba muuaji si sumu ya mbung'o bali kimelea kidogo kiishicho katika damu, kiitwacho tripanosoma. Mwaka 1910 kikaelezwa cha aina ya pili, kilichotoka kwa mgonjwa wa bonde la Luangwa, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini. Hicho humwua binadamu kwa malale. Kwa darubini aina hizo mbili hazitofautiani hata kidogo. Sababu ilidhihirika mwaka 1998, wataalamu walipotambua jeni moja ambayo aina ya malale inayo na ile nyingine haina. Damu ya binadamu ina protini iuayo tripanosoma za kawaida. Jeni hiyo hukipa kimelea kinga dhidi ya protini hiyo. Jeni moja tu ndiyo inayotenga ugonjwa wa ng'ombe na msiba wa mtu.

Hapo ndipo lilipo jambo linalotuhusu. Ng'ombe aweza kuchukua vimelea vya malale bila mwenyewe kujua. Uwanda wa Ufipa ni wa baridi na miti yake ni michache, lakini misitu ya mwambao wa Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa ni makao ya mbung'o, na wafugaji wengi wamehamia bondeni pamoja na mifugo yao. Zamani mwenye homa alitazamwa damu kwa darubini, na tripanosoma iliweza kuonekana hata isipotafutwa. Kipimo cha haraka cha malaria ni neema, wala hatukilaumu. Lakini hakioni malale.

Watu wa Unguja wanajua kwamba mbung'o anashindika. Madume yaliyofanywa tasa yaliletwa kutoka Tanga na kuachiwa kisiwani, na mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Rukwa haikuzungukwa na bahari, na mbung'o akiondolewa leo aweza kurudi kesho. Kwa hiyo, kwa maoni yetu, viongozi wanaohusika hawana budi kuhakikisha kwamba zahanati za mwambao na za bondeni zina darubini na mtu ajuaye kuitumia, na kwamba bwana mifugo na mganga wanapashana habari. Livingstone aliwatazama ng'ombe na watu kwa pamoja, tena akiwa peke yake na bila vyombo. Sisi tunavyo vyombo, tusiache kutazama.