Joseph Goldberger: daktari aliyetafuta chanzo cha wazimu kwenye sahani

Pelagra huanza kwenye ngozi na kuishia kwenye akili. Mikono na shingo hubabuka kama vilivyoungua, mgonjwa huhara, kisha husahau na kuchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, hospitali za wagonjwa wa akili kusini mwa Marekani zilikuwa na watu wengi wa aina hii. Wengi waliamini wanaambukizana.

Aliyekataa imani hiyo alikuwa Joseph Goldberger. Alizaliwa mwaka 1874 katika kijiji ambacho leo kipo Slovakia, akahamia New York na wazazi wake akiwa mtoto. Akawa daktari wa serikali, na katika kazi hiyo aliwahi kuugua homa ya manjano na dengu. Mwaka 1914 alitumwa kuchunguza pelagra.

Jambo la kwanza aliloliona halikuhitaji darubini. Wagonjwa na yatima waliugua, lakini wauguzi waliokuwa nao mchana na usiku hawakuugua. Ugonjwa wa kuambukiza haubagui hivyo. Akaangalia vyakula vyao. Maskini walikula unga wa mahindi, molasi na nyama ya nguruwe iliyo karibu mafuta matupu. Wauguzi waliongeza maziwa, mayai na nyama. Mafuta yale yalishibisha na kutia nguvu, lakini ubongo ulikosa kitu. Yatima walipoongezewa maziwa, mayai, nyama na maharage, pelagra ilitoweka.

Wenzake wengi hawakushawishika. Mwaka 1915 akawalisha wafungwa wa Mississippi mlo mbovu huo kwa miezi kadhaa, nao wakaahidiwa msamaha na gavana. Kati ya 11, sita walipata pelagra. Leo jaribio hilo lisingeruhusiwa, na sisi hatulitetei. Mfungwa hana nafasi ya kukataa kama mtu huru.

Lakini mwaka uliofuata alijiweka mwenyewe mbele. Yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa, wakameza magamba ya ngozi yao na hata kinyesi, vikiwa vimechanganywa na unga. Mkewe, Mary, naye alidungwa damu ile. Hakuna aliyepata pelagra.

Baadaye aligundua kuwa hamira, kitu cha bei rahisi, huzuia ugonjwa huo. Mafuriko makubwa ya mto Mississippi yalipotokea mwaka 1927, hamira iligawiwa kwa waathirika.

Goldberger alifariki kwa saratani mwaka 1929, bila kukijua kitu chenyewe kilichokosekana. Kilitambuliwa mwaka 1937: niasini, yaani vitamini B3. Mahindi yanayo, ila imefungika kiasi kwamba mwili hauifaidi vizuri. Karanga, samaki na nyama huitoa kwa urahisi. Mwaka 1990 pelagra iliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao.