Mfaransa aliyeokoa sura za madereva

Wadau, mnamjua Edouard Bénédictus? Alizaliwa Paris 1878, mkemia, tena mchora nakshi za vitambaa (mtu wa mambo mengi!). Mwaka 1903 chupa ilimponyoka maabara. Ikapasuka ila vipande vikashikana, kumbe ndani kulikuwa na utando wa selulosi uliokauka. 1909 akasajili hataza: vioo viwili, utando katikati. Vita ya 1914 vikatumika kwenye barakoa za gesi. Akafariki 1930.

Juzi njia ya Kipalapala lori lilirusha jiwe kwenye Harrier ya jamaa yangu. Kioo cha mbele nyufa tupu, uso wake mzima. Kitobo kidogo fundi anajaza resini, basi. Ufa mrefu uliofika ukingoni, badilisha, na msikubali gundi ya kubahatisha: eabegi ya abiria ikifumuka inaegemea kioo hichohicho.