Puyi: Mfalme Aliyefungiwa Ndani ya Malango

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia kila nisomapo maisha ya Puyi, mfalme wa mwisho wa Uchina.

Puyi alizaliwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1908, akiwa mtoto wa miaka miwili tu, alichukuliwa kwao huku akilia, akatawazwa katika jumba la kifalme mjini Beijing. Jumba hilo lilijengwa kati ya 1406 na 1420. Ukuta wake una kimo cha mita 10, na nje umezungukwa na handaki la maji lenye upana wa mita 52. Ndani ni ua baada ya ua, lango baada ya lango. Raia hawakuruhusiwa kuingia, ndiyo maana likaitwa Mji Uliokatazwa.

Kumbe, jamani, aliyekatazwa zaidi alikuwa mwenyewe! Alikaa karibu miaka saba bila kumwona mama mzazi. Ufalme ulipoanguka mwaka wa 1912, aliruhusiwa kubaki katika nyua za nyuma tu. Alipopata baiskeli, aliamuru vizingiti vya malango vikatwe apite bila kushuka. Lakini angefika wapi? Mwaka wa 1923 alipanga kutoroka. Siri ikafichuka, na malango yote yakafungwa. Sisi wa bweni tunaujua uchungu wa geti lenye kufuli, lakini sisi twahesabu wiki. Yeye alihesabu miaka.

Tarehe 5 Novemba 1924 wanajeshi walimfukuza, akapewa saa chache tu afunge virago. Mwaka uliofuata jumba likawa makumbusho, raia wakamiminika ndani. Puyi naye aliponzwa na tamaa ya kiti. Wajapani walimfanya mfalme wa jina tu huko Manchuria kuanzia 1934 hadi 1945, na raia wakateseka chini ya jina lake. Alifungwa katika Muungano wa Sovieti, kisha Uchina, hadi mwaka wa 1959.

Alipoachiliwa, alifanya kazi katika bustani ya mimea mjini Beijing. Siku moja alirudi jumbani pamoja na wenzake, wageni kama wageni wengine. Akapita katika nyua zilezile, akatoka, na hakuna aliyemzuia langoni. Alifariki mwaka wa 1967.

Mimi naona siku hiyo alikuwa huru kuliko siku aliyovikwa ufalme. Wewe msomaji waonaje?