Karoli Lwanga na Mkono wa Kizito

Huku Rwamgasa, mkoani Geita, mvulana hujifunza mapema kuuficha moyo wake. Tulipokwenda kusaidia mafundisho ya Kipaimara tulikutana na watoto ambao siku zisizo za shule huzimalizia kwenye makarasha na kwenye mialo ya kuoshea dhahabu. Wakiumia huambiwa wajikaze. Wakilia huchekwa. Lakini hofu iliyofichwa haiondoki, na tuliwaona wakiokota mawe kwa ugomvi wa mpira tu. Ndipo tukawasimulia habari za Mtakatifu Karoli Lwanga, aliyelea vijana wa rika lao mahali pa hatari kuliko duara lolote.

Lwanga alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1860. Aliingia katika utumishi wa ikulu mwaka 1884, mwaka ambao Mwanga, naye kijana bado, alirithi kiti cha Kabaka. Wamisionari wa Afrika walikuwa wameondoka Buganda mwishoni mwa 1882 na kuhamia Bukumbi, upande huu wetu wa ziwa; walirudi Julai 1885. Tarehe 15 Novemba mwaka huo Kabaka aliamuru auawe Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa wahudumu Wakristo wa ikulu. Siku hiyohiyo Lwanga alibatizwa, na wale wavulana wakabaki mikononi mwake. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, umri wetu sisi. Tunakiri kwamba sisi tukipewa watoto thelathini tunapandisha sauti kabla ya nusu saa kwisha.

Alikuwa na mwili wa nguvu, hodari wa mieleka, na bila shaka wavulana walimheshimu kwa hilo. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kukaa nao. Aliwafundisha sala, na kwa werevu akawaweka mbali wale ambao Kabaka aliwataka kwa tendo la aibu. Wala hakuwadanganya kwamba hatari haipo. Aliwaandaa kwa siku ile. Mdogo wao, Kizito, alikuwa na miaka 14 hivi. Mapokeo yanasema Lwanga alimwahidi kwamba saa itakapofika atamshika mkono. Kwetu sisi ahadi hii ni malezi kamili: mkubwa anakubali kwamba mtoto anaogopa, hamdhihaki, na anamwambia mapema atakuwa wapi.

Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alirudi kutoka kuwinda viboko ziwani bila kupata kitu. Akamuulizia mhudumu wake Mwafu, akaambiwa yuko na Denis Ssebuggwawo, anafundishwa dini. Kabaka akamshambulia Denis kwa mkuki, na kesho yake Denis aliuawa. Mtu aliyewaamuru wote nchini mwake hakuweza kuiamuru hasira ya mchana mmoja.

Usiku ule Lwanga aliwabatiza wakatekumeni kadhaa, Kizito akiwa mmojawapo. Siku iliyofuata Kabaka aliwataka wanaosali wajitenge. Lwanga alitangulia, na husimuliwa kwamba Kizito alikwenda naye, mkono kwa mkono. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, aliwaona wakipitishwa wamefungwa kamba, na Kizito alikuwa anacheka.

Hapo mtoto mmoja wa Rwamgasa, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alituuliza kama Lwanga alikuwa bado ameushika ule mkono walipofika motoni.

Ilitubidi tumjibu kweli. Hakuwa ameushika. Huko Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, Sikukuu ya Kupaa Bwana, Lwanga alitengwa na wenzake na kuchomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Wavulana waliendelea bila yeye. Mbaga Tuzinde, aliyekuwa jamaa wa Mukajanga, mkuu wa wauaji, aliombwa ajifiche akakataa; alipigwa shingoni kwanza ili asiungue akiwa hai. Waliobaki waliviringishwa katika mikeka ya matete, wakalazwa juu ya kuni. Wauaji walizoea kusikia vilio na matusi mahali pale. Siku hiyo walisikia sala, sauti nyingi pamoja, mpaka moto ulipozizima. Kizito alikuwa miongoni mwao.