Benjamin Banneker: Mkulima wa tumbaku aliyechonga saa ya mbao

KATIKA karne ya 18 saa ya mfukoni ilikuwa mali ya watu wachache wenye fedha. Wakulima wadogo wa Maryland, wakati huo koloni la Uingereza na leo jimbo la Marekani, walipanga siku zao kwa kutazama jua. Kwa hiyo majirani walistaajabu mnamo mwaka 1753, pale kijana wa miaka 22 hivi, mtu mweusi na mkulima wa tumbaku, alipokuwa na saa nyumbani kwake inayogonga kengele kila saa. Alikuwa ameichonga mwenyewe kwa mbao.

Benjamin Banneker alizaliwa Novemba 9, 1731. Baba yake, Robert, aliletwa kutoka Afrika akiwa mtumwa na baadaye akapata uhuru. Mama yake, Mary, alikuwa mtu huru.

Mwaka 1737 Robert alinunua ekari 100 karibu na mto Patapsco kwa ratili 7,000 za tumbaku, karibu kilo 3,200. Tumbaku ndiyo iliyokuwa fedha ya huko. Katika hati ya shamba aliandikisha pia jina la mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka mitano. Haikuwa hatua ndogo, kwani katika koloni ambako watu wengi weusi walikuwa watumwa, hati ya ardhi ilikuwa kinga ya familia.

Shule Benjamin aliisoma kwa muda mfupi tu, lakini hesabu aliipenda. Inasimuliwa kuwa aliazima saa ya mfukoni, akachunguza jinsi sehemu zake zinavyofanya kazi, kisha akakuza vipimo vyake na kuchonga magurudumu ya meno kwa mbao.

Ugumu wa kazi hiyo uko kwenye hesabu kuliko kwenye kisu. Gurudumu dogo la meno 10 likisukuma kubwa la meno 60, dogo huzunguka mara sita ndipo kubwa litimize mzunguko mmoja. Mshale wa dakika nao lazima uzunguke mara 12 wakati ule wa saa unazunguka mara moja. Jino moja likikosewa, saa nzima inapotea. Kengele ni hesabu nyingine, kwa sababu kugonga kuanzia mara moja hadi mara 12 ni jumla ya mapigo 78. Na fundi huyo alikuwa na shamba la tumbaku, zao ambalo kila aliyelilima anajua linavyokula muda.

Wapo wanaodai kuwa hiyo ilikuwa saa ya kwanza kutengenezwa Marekani. Si kweli, mafundi saa walikuwapo mijini kabla yake. Hata hivyo, mafundi hao walikuwa na vyuma, karakana na walimu. Banneker hakuwa na hata kimoja.

Saa hiyo hakuiuza, lakini ilimpa jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1770 ndugu wa ukoo wa Ellicott walijenga vinu vya nafaka jirani na shamba lake na kuwahimiza wakulima wahame kutoka tumbaku, inayochosha ardhi, kwenda ngano. Mmoja wa ukoo huo, George Ellicott, alimwazima vitabu na vyombo vya elimu ya nyota mwishoni mwa miaka ya 1780. Banneker, akikaribia miaka 60, alijifunza mwenyewe kukokotoa kupatwa kwa jua.

Mwaka 1791 alimsaidia mpima ardhi Andrew Ellicott katika upimaji wa eneo la mji mkuu mpya, Washington. Kazi yake ilihusu pia kutunza saa ya vipimo vya nyota. Mwaka huo huo alimpelekea Thomas Jefferson, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje na mmiliki wa watumwa, nakala ya almanaka yake pamoja na barua ya kupinga utumwa.

Almanaka hizo zilitolewa kwa miaka ya 1792 hadi 1797. Zilionyesha macheo na machweo, mwezi, na kujaa na kupwa kwa maji, mambo ambayo mkulima na mwenye chombo waliyahitaji.

Uzeeni mwili ulimchoka. Inasimuliwa kuwa alithamini ardhi yake kwa pauni 180, akakisia kuwa amebakiza miaka 15, na akawaachia akina Ellicott ardhi hiyo kwa malipo ya pauni 12 kila mwaka hadi kufa kwake. Hesabu hiyo ilimshinda. Aliishi zaidi ya alivyokisia, na malipo yakaendelea.

Alifariki dunia Oktoba 1806. Siku ya mazishi nyumba yake iliungua, na saa ya mbao ikateketea. Daftari lake la hesabu za nyota lilisalimika, kwa kuwa lilikuwa limekwisha pelekwa kwa George Ellicott pamoja na vitabu alivyoazimwa.