Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Wengi wetu tukipanda meli hapa Mwanza kwenda Nansio tunawaza samaki na machungwa. Wachache hukumbuka kwamba kisiwani humo aliishi mwandishi mkubwa, Mzee Aniceti Kitereza. Hakuwa wa Kanisa letu. Alikuwa Mkatoliki wa misheni ya Kagunguli, lakini habari zake zinatufaa na sisi.

Alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Mwaka 1909 aliingia seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini na Kijerumani. Upadre hakuufikia. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto wao walifariki wakiwa wadogo, nao wakabaki wawili. Desturi ingemruhusu kuoa mke mwingine, lakini alikaa na Anna wake.

Tukijua hayo tunakisoma kitabu chake kwa jicho jingine. Ni hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka, ambao hawajajaliwa mtoto. Jamaa wanasema, wakwe wanamchukua binti yao, na mume anahangaika kumrudisha. Humo mna kilimo, uvuvi, pombe ya ndizi, na namna ya kuamkiana na wakwe. Wako wanaosema maelezo ni marefu mno. Sisi tuliofundisha lugha twaona hiyo ndiyo raha yake, maana kila chombo kina jina lake na watu huongea kama watu.

Aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, kusudi lugha na desturi za wazee zisipotee. Padre Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo, lakini mchapaji hakupatikana. Nani angechapa kitabu kinene hivyo kwa lugha ya watu wachache? Miaka zaidi ya ishirini ikapita. Ndipo mtaalamu wa historia kutoka Marekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte, walipofika Ukerewe na kumshauri akitafsiri kwa Kiswahili. Mzee, sasa amepita miaka sabini, aliketi akaanza upya, ukurasa kwa ukurasa.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa mwaka 1980. Mzee Kitereza alifariki Jumatatu ya Pasaka, 1981, kabla hajakishika mkononi. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, alikitoa kwa Kiingereza, akitafsiri kutoka Kikerewe chenyewe.